Funga zumu kwa selotepu kabla ya kuchagua kati ya Ricoh GR III na Fujifilm X100V

Mimi natumia kamera ndogo ya Ricoh GR III. Rafiki yangu ana Fujifilm X100V, na kwa muda mrefu tumebishana, kila mtu akivutia kwake. Aliposafiri aliniachia yake wiki mbili nzima kwa sharti moja: akirudi asikute maneno, akute picha. Ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyoyafanya, nikiwa nimeshaondoa yale yaliyonipotezea muda. Kama zako ni kamera nyingine mbili za jinsi hii, zisizotoka lenzi wala kuwa na zumu, utaratibu ni huu huu.

Kwanza weka kando namba ambazo hazitakusaidia. Zote mbili zina sensa ya APS-C (sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, si ile ya kuhesabu watu), yenye ukubwa wa takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Eneo hilo ni zaidi ya mara tatu ya sensa ya inchi moja iliyomo kwenye kamera ndogo nyingi, ndiyo maana tunahangaika nazo. GR III iliyotoka 2019 ina megapikseli 24, X100V ya 2020 ina 26.1. Ukizitandaza, picha ya kwanza ina pikseli 6000 kwa upana na ya pili 6240. Nilichapisha picha za zote mbili kwa ukubwa wa karatasi ya A3, na sijaona zilipo hizo 240 za ziada.

Jambo linaloamua ni lenzi, kwa sababu hutaweza kuibadilisha. Ya GR ni milimita 18.3, ya Fujifilm ni 23 (namba ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana zaidi). Kwa hesabu ya sensa kubwa ya fremu nzima (full frame) ni sawa na 28 na 35, na ndivyo wapigapicha wanavyozitaja. Kwenye karatasi zinaonekana ndugu, lakini mikononi ni watu wawili tofauti. Kabla hujaazima hata kamera moja, chukua lenzi yako ya kawaida ya zumu ya 18-55, ile inayokuja na kamera. Zungusha hadi 18, funga pete ya zumu kwa selotepu, utembee nayo wiki nzima. Wiki ya pili ifunge kwenye 24. Haitakuwa 23 kamili, lakini inatosha. Usidanganye kwa kubandua, mimi nilibandua mara mbili na ikabidi nianze upya.

Angalia miguu yako itakavyofanya. Mtu mzima akisimama, na wewe unataka umpate wote kwa kamera iliyolala, juu na chini pakibaki nafasi kidogo, kwa GR utasimama kama mita 2.3 kutoka kwake, kwa X100V karibu mita 3. Ni hatua moja fupi tu, lakini chumbani hatua hiyo ndiyo inayokugongesha mgongo ukutani. Sasa mpige kichwa na mabega. Kwa GR utakuwa sentimita 70 kutoka usoni kwake, kwa X100V karibu 90. Kwenye 70 pua inaanza kutangulia na masikio yanarudi nyuma. Shangazi yangu alipoiona yake ya GR aliniuliza amenikosea nini. Ile ya X100V, kiti kile kile, dirisha lile lile, aliomba nimchapishie.

Kuna atakayekuambia GR ina kitufe cha kukata picha iwe kama 35, kwa hiyo umepata mbili kwa moja. Ni kweli, lakini unabaki na megapikseli kama 15, na lenzi bado ni f/2.8 (namba ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga unaopita ni mwingi). Kwa dharura inafaa. Ukijikuta unaibonyeza kila siku, ujue jibu lako umeshalipata.

Jaribio la pili ni la mwanga hafifu, na hapa ndipo watu wengi hulinganisha vibaya. X100V ina f/2, inayopitisha mwanga mara mbili ya f/2.8. GR nayo ina kizuia mtikisiko ndani ya sensa, na X100V haina. Nani anamshinda mwenzake? Inategemea kinachotikisika ni mkono wako au ni unayempiga. Jioni moja nilimketisha dada yangu karibu na dirisha akitunga uzi kwenye sindano, mezani pana mkasi. X100V niliiweka f/2, shata 1/60 (sehemu ya sekunde inayobaki wazi), ISO 1600 (wepesi wa sensa kwa mwanga). Vidole vilitoka wazi, na ncha ya uzi iliyochanika ilionekana nyuzi nyuzi. GR kwenye 1/60 hiyo hiyo ilidai ISO 3200, chengachenga zikaongezeka kidogo, si za kulalamikia. Kisha nikaishusha GR hadi 1/8 na ISO 400, nikashika pumzi. Mkasi ulitoka safi hadi mfereji wa skrubu yake. Vidole vya dada vilikuwa moshi. Nikashusha X100V hadi 1/15: nusu ya picha zilitikisika zote, mkasi na vidole pamoja.

Kwa hiyo jiulize kwanza unapiga nini gizani. Kama ni majengo na vitu vilivyotulia, GR. Kama ni watu wanaofanya kazi zao, ile f/2 ina faida ambayo kizuia mtikisiko hakiwezi kukupa.

Unapofanya jaribio hili, hifadhi faili za RAW (picha ghafi, kabla kamera haijaipamba), na usihukumu rangi kwa wakati huo. Fujifilm ina mtindo wa rangi unaoitwa Classic Negative, Ricoh ina Positive Film, na kila mmoja unapendeza macho kwa namna yake. Mimi nilipoteza siku nzima nikidhani lenzi moja ni kali kuliko nyingine, kumbe ni weusi tu uliokolezwa kwenye JPEG, ile picha iliyokwisha kupambwa na kamera. Rangi zipe siku yake.

Jaribio la tatu halihitaji hata kupiga picha. Bandika karatasi mlangoni, chora safu mbili, na kila siku unapotoka utie alama kwa kamera iliyotoka nawe bila kulazimishwa; zikitoka zote mbili, zote zipate. GR ina gramu 257 ikiwa na betri na kadi, unene milimita 33. X100V ina 478 na unene wa 53, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kamera itaingia mfuko wa suruali au itaning'inia shingoni. Kwangu GR ilipata alama 13 kati ya siku 14, X100V ilipata 8. Zile 8, lakini, zilikuwa siku nilizotoka kwa nia ya kupiga picha.

Pima pia muda wa kuchomoa. GR naitoa, naiwasha na kupiga kwa mkono mmoja. X100V ina kifuniko cha chuma cha kuvuta, na nikiri aibu yangu: kitundu chake cha kuchungulia kinaweza kuwa cha kioo kitupu, unaona nje moja kwa moja bila kupitia lenzi, basi nilipiga picha sita za ndani ya kifuniko huku nikifurahia mandhari. Alama ya fokasi (ya kulenga picha itoke kali) ilikuwa nyekundu, sikuijali.

Hata hivyo kitundu hicho ndicho nilichokikosa zaidi nilipoirudisha kamera. Kinakuonyesha hata kilicho nje ya fremu, kwa hiyo unamwona mtu anayekuja kabla hajaingia kwenye picha. GR haina kitundu kabisa, ni skrini tu, na skrini haikunji wala haiinuki. Fanya jaribio hili saa sita mchana, jua likiwa mgongoni mwako. Mimi navaa miwani, na kwa GR nilikuwa nakisia tu.

Kukisia huko nako kuna dawa. GR ina fokasi ya kuweka umbali mapema: iweke mita 2, f/8, ukibonyeza kitufe moja kwa moja hadi chini haitafuti fokasi, inapiga papo hapo. Kwa lenzi fupi namna hiyo, kila kilicho kuanzia mita 1 hadi mbali sana kinatoka vizuri. Jifunze kuijua mita 2 kwa macho. Tandaza futi ya fundi sakafuni siku mbili tatu, inatosha. Mwenye kuipenda GR huwa ameipendea hapo.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Betri: watengenezaji wanataja takriban picha 200 kwa GR, na 350 au 420 kwa X100V kutegemea unachungulia kwa njia gani, kwa GR nunua mbili za akiba. Flashi ya ndani iko X100V tu. Maji: X100V hustahimili manyunyu ukiifunga pete na filta maalumu mbele, GR haina kinga hiyo. Video: X100V hufika 4K, GR 1080, na kama video ndiyo shida yako, tafuta kamera nyingine kabisa. Ukitaka GR ya lenzi nyembamba kidogo kuna IIIx ya 2021, sawa na 40. Ukitaka X100 yenye kizuia mtikisiko kuna VI ya 2024.

Mimi nimebaki na GR. Shangazi akitaka picha, namwomba rafiki yangu aniazime ile yake.

Ukishaamua na unanunua iliyotumika, nenda na karatasi nyeupe. Weka f/16, fokasi ipeleke mbali kabisa, isogeze kamera karibu na karatasi ijae fremu, upige. Kisha ikuze picha uitazame kona hadi kona. Vumbi kwenye sensa hutokea kama madoa ya kijivu, na kwa kuwa lenzi haitoki, huwezi kulipuliza mwenyewe kama kwenye kamera nyingine. Ni la fundi. Ukiona doa, sogeza karatasi kidogo upige tena. Doa likihama kwenye picha, ni uchafu wa karatasi. Likibaki mahali pale pale kwenye fremu, liko ndani.