Namna ya kuomba kibali cha kuingia Hifadhi ya Katavi

Waliopanda basi la Mpanda–Sumbawanga watakuambia Katavi wameshafika. Wamepita tu: barabara kuu inakatiza hifadhini, na abiria wa basi hadaiwi kiingilio. Kibali unakihitaji ukitaka kuingia ndani, kwenye mbuga ya Katisunga na ziwa Chada. Kinatolewa Sitalike, yaliko makao makuu ya hifadhi, safari isiyofika kilomita 50 kusini mwa Mpanda mjini.

Chagua mwezi kwanza. Masika njia za ndani ni tope tupu. Mimi ningeenda Septemba, mto Katuma ukiwa umebaki madimbwi na viboko wamebanana mgongo kwa mgongo, tope hadi masikioni, kila mmoja akimkoromea mwenzake.

Gari kama huna, kodi Mpanda, na mpatane kabla ya kuondoka: mafuta ya nani, kiingilio cha gari na cha dereva analipa nani. Ugomvi mwingi wa getini huanzia hapo.

Ukifika mapokezi utaulizwa majina, uraia, umri wa watoto, namba ya gari na siku utakazokaa. Beba kitambulisho cha Taifa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na mgeni anayetozwa kwa dola, lakini bila kitambulisho utathibitishaje? Mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi.

Wakishajaza, watakupa namba ya kumbukumbu ya malipo. Lipa kwa simu, benki au kadi, noti usizitegemee. Kwa hiyo weka salio la kutosha kwenye simu ukiwa bado Mpanda, na usiingize namba ya siri kabla hujasoma jina la anayelipwa na kiasi. Stakabadhi itunze, utaulizwa tena.

Ukitaka kutembea kwa miguu, sema hapohapo mapokezi, maana lazima upangiwe askari mwenye bunduki, na hiyo hulipiwa kando.

Kibali huhesabiwa kwa saa 24, na ni cha kuingia mara moja. Ukitoka kwenda kula chipsi Sitalike, usidhani utarudi kwa stakabadhi ileile. Funga chakula na maji, uwe getini saa 12 asubuhi.

Nguo nyeusi na za bluu ziache nyumbani. Mbung'o wanazipenda, na ukisahau dirisha wazi wataingia garini bila kibali.