Kabla ya Kuanza Kumpikia Mbwa: Mambo ya Kuzingatia

Anayeamua kumpikia mbwa wake huanzia buchani. Ni afadhali aanzie kwenye kalsiamu. Nyama tupu, hata iwe steki, ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na kalsiamu ikipungua kwenye damu mwili huichota mifupani. Mtoto wa mbwa anayelishwa nyama na wali tu huanza kuchechemea, miguu ikapinda, na anaweza kuvunjika mfupa kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi.

Mbwa mzima anahitaji walau gramu 1.25 za kalsiamu kwa kila kilokalori 1,000 anazokula, na kalsiamu isiwe chini ya fosforasi wala isizidi mara mbili yake. Mbwa wa kilo 20 aliyehasiwa hula takriban kilokalori 1,060 kwa siku, kwa hiyo anahitaji gramu 1.3 hivi. Maganda ya mayai yanatosha kuziba pengo hilo: yachemshe dakika kumi, yakaushe vizuri, yasage mpaka yawe laini kama unga wa ngano. Kijiko cha chai kilichosawazishwa, yaani gramu 5, kina karibu gramu 2 za kalsiamu. Mbwa huyo anahitaji robo tatu ya kijiko kwa siku. Yakibaki chengachenga hayayeyuki vizuri tumboni. DCP ya maduka ya pembejeo, yaani unga wa kalsiamu na fosforasi wa kulishia mifugo, haifanyi kazi ileile, kwa sababu huongeza na fosforasi ambayo nyama imeshaileta. Watoto wa mbwa wa aina kubwa, kama German Shepherd au Boerboel, wasikadiriwe kwa kijiko hata kidogo: kwao kalsiamu ikizidi nayo huharibu mifupa inayokua. Mwone daktari wa mifugo akupigie hesabu.

Kalsiamu ikishakaa sawa, bado kuna zinki, shaba, vitamini D na vitamini E. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani, na asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja. Kubadilisha nyama leo na samaki kesho hakukuondoa tatizo. Tafuta mchanganyiko wa vitamini na madini uliotengenezwa mahususi kwa chakula cha mbwa cha kupikwa, uupime kwa mizani. Ule uliotengenezwa kwa ajili ya kuku usiuguse. Baadhi huwa na dawa za koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku) kama monensini, ambayo ni sumu kwa mbwa.

Sasa buchani na sokoni. Mapupu na maini ni ya bei nafuu na mbwa huyapenda, lakini yakague chini ya mwanga kabla hujalipa. Ukiona malengelenge yenye maji, acha. Ndani yake kuna mabuu ya tegu; mbwa akiyala mabichi, mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake na kuwaingia watu, ambao huota malengelenge hayohayo kwenye ini na mapafu. Turkana wanaujua ugonjwa huu kwa muda mrefu. Hata mapupu yanayoonekana safi yachemshwe nusu saa kamili tangu maji yaanze kutokota. Maini yasizidi asilimia 5 ya chungu, maana vitamini A ikirundikana huharibu viungo vya mifupa.

Unga wa mahindi ndio unaotutia wasiwasi zaidi. Mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, ileile iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004, na kupika hakuiondoi. Ini la mbwa huathirika nayo haraka. Mahindi “yaliyokataliwa na watu” yasiwe chakula cha mbwa. Wali au viazi vitamu vilivyoiva vinafaa. Dagaa ni wazuri kwa kuwa huliwa na mifupa yao, ila waoshe mpaka mchanga uishe. Kitunguu na kitunguu saumu visiingie kabisa, hata vilivyopikwa, kwa sababu hupasua chembe nyekundu za damu. Hivyo makombo ya pilau na mchuzi hayafai. Mifupa iliyopikwa nayo itupe.

Ukinunua kilichopikwa tayari, usilinganishe asilimia za kwenye lebo moja kwa moja. Kilichoandikwa protini 10% na maji 72% kina 10 gawa kwa 28, yaani karibu 36% baada ya kuondoa maji. Kikavu chenye protini 22% na maji 10% kina kama 24%. Pigia mafuta hesabu hiyohiyo: mafuta 8% kwenye pakiti hiyo ya kwanza ni karibu 29%, mengi mno kwa mbwa aliyewahi kuugua kongosho. Halafu tafuta maneno yanayosema chakula ni kamili, na ni kwa mbwa mzima au anayekua. Pakiti isiyosema hivyo ni kitoweo cha kuongezea tu.

Hakikisha friza ina nafasi kabla ya siku ya kupika. Gawanya mlo wa siku mojamoja, weka friji wa siku tatu, wa zaidi ugandishe. Kwa joto la Dar au Mombasa, bakuli lisikae nje zaidi ya saa moja. Anza na robo ya chakula kipya na robo tatu za cha zamani, uongeze taratibu kwa siku saba hadi kumi. Akiharisha, rudi hatua moja nyuma. Mpime uzito kila baada ya wiki mbili, na umpapase mbavu: zisikike chini ya vidole bila kukandamiza.