SOMO: Kuifanya ramani yako ikubali misimbo mifupi (Plus Code)

Wadau, inboksi imejaa swali moja tu, "mtu akiandika FWM2+66 Mwanza kwenye app yangu haipati kitu". Hiyo FWM2+66 ni Plus Code, msimbo wa herufi na namba unaoonyesha mahali badala ya anwani. Naweka hapa mara moja, ukija tena nakurudisha huku.

Hatua 1: Pakua laibrari ya Open Location Code (ndo mfumo wenyewe wa Plus Code), ni bure, ipo ya JavaScript, Java, Python na nyinginezo.

Hatua 2: Kagua kwanza kama alichoandika mtu ni msimbo, ndo uende kutafuta majina ya mahali. Geuza herufi ziwe kubwa. Ukiacha alama ya +, zinazokubalika ni 20 tu: 23456789CFGHJMPQRVWX, ukiona 0, 1 au O ujue kakosea.

Hatua 3: Hapa ndo wengi wanaanguka. Msimbo mfupi umekatwa herufi nne za mwanzo, sasa mtu anaona misimbo ya mjini Mwanza yote inaanza na 6G9J basi anaibandika mbele ya kila kitu kazi imeisha. USIFANYE HIVYO. Hizo nne ni boksi la digrii moja kwa digrii moja, na mstari wa longitudo 33 unapita hapa hapa mashariki ya mji, ukifika Kisesa boksi limeshakuwa 6G9M. Mteja yuko F23W+JC Kisesa, wewe umembandikia 6G9J, pini inaruka kama kilomita 111 magharibi huko upande wa Geita, na app hailalamiki hata kidogo, bodaboda anawasha anaondoka! Tumia recoverNearest, funksheni iliyo ndani ya laibrari, ipe msimbo pamoja na latitudo na longitudo za mji aliotajwa, yenyewe itachagua boksi la karibu.

Onyo lingine: mji ukitajwa tumia huo, sio GPS ya simu. Mtu kakaa Mwanza anatafuta msimbo wa Bukoba, ukipima kutoka alipo yeye pini inadondokea ziwani.

Hatua 4: Msimbo kamili ulioupata unaonyesha kiboksi kidogo (upande kama mita 14), chukua katikati yake, weka pini.

MASWALI

Kijana wa Igoma: mkuu nimeweka 6G9J ila Kisesa haitokei
Jibu: Hatua 3. Isome.
Kijana wa Igoma: nimesoma, si ungetoa tu orodha ya maboksi yote
Jibu: Hata ukiwa na orodha bado hujui msimbo uko upande gani wa mstari. Funksheni ipo, itumie.

Mdau wa Nyakato: Mkuu kwangu msimbo unafika kwenye seva bila +, kuna nafasi tupu tu, shida nini?
Jibu: Umeangalia vizuri. Kwenye linki + inasomwa kama nafasi, itume kama %2B.

Binti wa Nansio: Kaka huku Ukerewe mtandao unakatika sana, itafanya kazi?
Jibu: Itafanya dada, hesabu yote iko ndani ya simu. Kinachotaka mtandao ni kujua mji uko wapi, kwa hiyo weka kabisa kwenye app faili la miji na latitudo na longitudo zake. Nansio iwe na zake, usiipimie Mwanza, maana recoverNearest ni ya kuaminika ndani ya nusu digrii tu, kama kilomita 55. Nansio iko karibu na ukingo huo, Ukara imeshapita.

Mdau wa Nyakato: Na pale sokoni Mwaloni Kirumba? mita 14 ni wauzaji wengi sana
Jibu: Ongeza herufi ya 11 (msimbo kamili wa kawaida una 10, bila kuhesabu +), kiboksi kinashuka mpaka mita 3 hivi. Laibrari ni hiyo hiyo, ukitengeneza msimbo unaiambia urefu 11.