Jiko la asili Uingereza kwa mfuko mdogo: sanduku la mboga lilivyonitafuna

Nilikuta masanduku matano mbele ya mlango wa fleti yangu, hapa Leicester, siku niliyorudi kutoka Tanga. La chini lilikuwa limelowa, limetoa maji ya kijani yaliyotiririka mpaka kwenye mkeka wa jirani. Bitiruti zilikuwa zimeota majani humohumo ndani. Juu ya sanduku la mwisho palibandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa adabu kubwa: “Samahani, hivi ni vyako?”

Jirani yangu Mwingereza aliyaruka masanduku yale asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, asiguse hata kitunguu kimoja. Cha mtu ni cha mtu, hata kikiwa kinanuka. Kwetu Chumbageni lile boga lingekuwa jikoni kwa mtu kabla ya magharibi, na ningerudi nikaambiwa, “Shoga, mboga zako tulizila, tukakuombea dua.” Sijui ustaarabu ni upi kati ya hayo mawili, ila najua upi ungeniacha na jirani anayenisalimia.

Naandika kwa sababu kila Januari watu hapa wanakula kiapo cha kula vizuri, na vipeperushi vinamwagwa kwenye vituo vya basi. Wengi wetu tunaingizwa mkenge hapohapo. Mimi nilikuwa nimetoka kupimwa presha, imepanda, nesi akaniambia nipunguze chumvi na vyakula vya pakiti. Nikatoka nimenuia jiko langu liwe la asili tupu. Pale kituoni kijana mmoja mchangamfu akanipa karatasi: mboga za shambani zisizopigwa dawa, zinaletwa mlangoni kila Jumatano, sanduku la kwanza nusu bei. Pauni 13. Nikaingiza namba za kadi palepale, basi halijafika. La pili likawa pauni 26. Na la tatu. Na kila Jumatano mpaka kiama.

Wiki za mwanzo nilifurahi, sitadanganya. Nilikuwa nakaanga vitu ambavyo hata jina lake sikujua. Kisha ikaja simu ya msiba, baba mdogo ametutoka. Unajua ilivyo: tiketi ya haraka, ruhusa kazini, begi linafungwa saa saba usiku. Katikati ya hayo nikalikumbuka sanduku, nikaingia kwenye tovuti yao kujitoa.

Kitufe kikubwa cha kijani kiliandikwa “pause”. Nikakibonyeza. Ikatokea karoti ya kuchora inanikonyeza jicho, na maneno ya kwamba watanikumbuka. Nikalala nikijua nimemalizana nao.

Jamani, “pause” ni kupumzisha. Ni kupumzisha tu, na kwa wale watu ilikuwa wiki moja. Kujitoa ni “cancel”, na kitufe chake kilikuwa chini kabisa ya ukurasa, herufi ndogo za kijivu, na ukishakibonyeza unapitishwa kurasa nne: una uhakika, ni bei, ungependa sanduku dogo, tukupe punguzo? Usipofika mwisho hujajitoa. Nilikaa nyumbani wiki sita. Wiki ya kwanza hawakuleta. Tano zilizofuata wameleta na wamekata pesa: pauni 130, kwenye akaunti ileile inayotoka kodi ya nyumba. Kodi ikapita, akaunti ikazama chini ya sifuri, na benki nyingi za hapa ukizama zinakutoza riba inayokaribia asilimia 40 kwa mwaka. Bili ya simu ikagonga mwamba. Yote hayo kwa ajili ya kabichi.

Sasa sehemu hii isome mara mbili, na umsomee na mwenzio.

Niliporudi nilifungua programu ya benki, nikaenda kwenye orodha ya “direct debit”, yaani makato ya moja kwa moja kutoka kwenye akaunti, niwafute. Hawamo. Nikadhani basi wameacha. Jumatano wakakata tena. Kumbe makato ya kadi ni mnyama mwingine. Ukimpa mtu ile namba ndefu ya mbele ya kadi na tarakimu tatu za nyuma kwa huduma ya kila wiki au kila mwezi, hujamlipa, umemkabidhi ufunguo wa nyumba. Hayo hayakai kwenye orodha ya “direct debit”. Unaweza kuwa umefuta kila kitu unachokiona na bado unanyonywa.

Piga simu benki, uwaambie unaondoa ruhusa ya makato ya kadi kwa kampuni fulani. Ni wajibu wao kuyazuia. Mhudumu wa kwanza aliniambia nikamalizane na kampuni kwanza, nami nikaitikia “asante sana” kama mtoto wa chekechea. Usiitikie. Huhitaji kibali cha kampuni. Mhudumu wa pili alimaliza kazi kwa dakika tano.

Lakini, na hapa ndugu yangu mmoja wa Birmingham aliteleza, kuzuia makato si kuvunja mkataba. Yeye alizuia benki akakaa kimya. Kampuni ikaendelea kuhesabu deni, ikaliuza kwa wakusanya madeni, na alama ya kutolipa itakaa kwenye faili lake la mikopo miaka 6. Atakapotaka kupanga nyumba au kununua gari kwa mkopo, atakuta sanduku la viazi limemtangulia. Kwa hiyo andika barua pepe ya kujitoa, uhifadhi nakala, na uzuie benki. Yote mawili, siku hiyohiyo.

Na msinitajie siku 14. Ndiyo, tangu kanuni za 2013 ukinunua kitu mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo. Vitu vinavyooza haraka havimo. Mboga zinaoza haraka, mimi ni shahidi.

Kampuni ilinirudishia pesa ya masanduku mawili baada ya barua pepe nne. Kila mhudumu alianza kwa kusema anaelewa kabisa ninavyojisikia. Huo ndio ufundi wa nchi hii: mtu anaweza kukukatalia kwa upole kiasi kwamba unakata simu ukiwa umemshukuru.

Haya, jiko lenyewe.

Kwanza tuachane na neno “natural”, yaani asili. Kwenye pakiti halina uzito mkubwa. “Farm” ndiyo kabisa. Mwaka 2016 supamaketi moja kubwa hapa ilianza kuuza nyama na mboga kwa majina matamu ya mashamba, na baadhi ya mashamba hayo hayakuwepo duniani. Neno lenye sheria nyuma yake ni “organic”, yaani kilimo hai, na pakiti ya kweli ina msimbo wa wakaguzi; wa hapa unaanza na GB-ORG. Ukiwa na pesa, nunua. Ukiwa na mshahara wangu wa kulea wazee zamu za usiku, kula mboga ya kawaida, ioshe vizuri, na uile kwa wingi.

Kinachonichekesha ni kwamba nyumbani maskini ndiye anayekula dona, mchicha wa bustanini na kuku wa kienyeji, na akipata pesa anahamia soseji na soda. Huku maskini anakula soseji, tajiri analipa pesa nyingi apewe mkate wenye pumba na karoti yenye udongo. Sisi tumefika katikati ya safari hizo mbili, tukiwa na aibu ya kula tulivyokula utotoni.

Iache hiyo aibu. Nenda Belgrave Road, hapahapa Leicester. Maduka yale mengi ni ya Wahindi wenye mizizi Uganda, Kenya na kwetu. Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije mji huu. Wakaja, na leo mji unawategemea kwa chakula. Muhogo wanauita “mogo”, na ukiuliza kwa Kiswahili usishangae mzee wa kaunta akikujibu, “Karibu mama, leo iko mzuri sana.” Mimi nilijibiwa hivyo siku ya kwanza nikaishiwa nguvu, nikanunua muhogo wa kulisha harusi.

Vya kuchukua pale: maharage yaliyoandikwa “rosecoco”, ndiyo yaleyale unayoyajua. Choroko, mbaazi, kunde na dengu vya mfuko mkubwa, unga wa atta wa chapati wa kilo 10, unga mweupe wa mahindi, manjano, bizari nzima, tangawizi. Linganisha bei ya kilo, siyo ya pakiti. Hata supamaketi kibandiko cha rafu kina bei ya kilo kwa herufi ndogo pembeni. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini hawakuwahi kuona choroko ileile ikiuzwa mara tatu ya bei kwa sababu imetiwa kwenye chupa yenye kizibo cha mbao.

Kisamvu kiko kwenye friza za Wakongo, kimeandikwa “pondu”, kimeshatwangwa. Dagaa ulizia kwa Wazimbabwe, wanawaita kapenta. Sukuma wiki, chukua “spring greens” ya supamaketi, ikate nyembamba, hakuna atakayekugundua. Bamia, mchicha na nazi iliyokunwa nunua vya kugandisha. Watu wetu wanaidharau friza wakidhani cha barafu kimekufa. Mboga iliyogandishwa siku iliyovunwa inaweza kuwa bora kuliko ile “mbichi” iliyokaa siku sita njiani.

Tarehe: “use by” iheshimu, inahusu usalama. “Best before” inahusu ladha tu, na vitu vyake hupunguzwa bei jioni. Usione haya kusimama kwenye rafu ya vibandiko vya njano. Waingereza wenye magari mazuri wanasimama pale, wanajifanya wanasoma simu.

Kuna mambo mawili ya afya ambayo sikuyajua. La kwanza ni chumvi. Nyumbani chumvi inatiwa madini joto kwa sheria, ndiyo maana hatukuwahi kuwaza. Hapa chumvi nyingi ya dukani haina, na ile ya pinki niliyoinunua kwa bei ya manukato nayo siyo ya kutegemea. Wao wanayapata zaidi kwenye maziwa na samaki. Kama hunywi maziwa, kula samaki, au soma pakiti utafute iliyotiwa. Na ukiwa na presha kama mimi, usiongeze chumvi kwa kisingizio hicho. La pili ni vitamini D. Jua la hapa halitutoshi sisi weusi, na ushauri wa serikali ni kwamba wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, siyo majira ya baridi tu. Chupa ni ya bei ndogo. Hii ni bora kuliko ule unga wa kusafisha damu anaotuma shangazi kwenye kundi la familia.

Shangazi zetu, nawapenda, lakini tuongee. Mtu anaposafiri kuja huku msimfichie samli kwenye begi. Samli ni ya maziwa, na nyama na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia, hata kidogo. Mama mdogo alinifungia mkebe ndani ya kitenge, kitenge ndani ya sweta, akaniambia nikifika ndiyo nitajua nimebeba nini. Nilijua mbele ya afisa mwenye glavu. Mkebe ukaenda kwenye pipa na kitenge kikabaki na mafuta. Samaki wakavu ruksa, mpaka kilo 20. Asali mpaka kilo 2. Kanuni hubadilika, kwa hiyo angalia tovuti ya serikali wiki ya safari, siyo kumbukumbu za binamu aliyekuja 2009.

Na wewe uliyeko huku, kabla hujapanda ndege, kaa chini na taarifa ya benki ya miezi mitatu, siyo mmoja, kwa sababu kuna wanaokata kila robo mwaka. Pitia mstari kwa mstari. Usilolitambua, liulize. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuta na ukumbi wa mazoezi nisioukanyaga tangu Ramadhani ya mwaka juzi.

Belgrave nenda asubuhi ya siku za kazi. Jumamosi hupati pa kuegesha, na nazi ya kugandisha ikifika saa sita inakuwa imekwisha.