Kabla hujanunua lori la jeshi la M35A2

Wengi wakiniuliza kuhusu lori hili la Marekani huanza na injini. Mimi nawaambia walale chini kwanza, waangalie breki. Ni breki za mafuta zinazosaidiwa na hewa, na mfumo wa mafuta ni mmoja tu kwa magurudumu yote: paipu moja ikipasuka, pedali inazama hadi sakafuni na huna breki hata moja. Pitisha kidole nyuma ya kila gurudumu, upande wa ndani. Ukitoka na utelezi wa mafuta, kuna silinda inavuja. Paipu za mpira zenye nyufa badilisha zote kwa pamoja, hata muuzaji akiapa kwamba lilikuwa linatembea jana.

Halafu karatasi. Lori la mnada wa serikali ya Marekani ulizia fomu ya SF97, ndiyo utakayoombea hati ya umiliki. Kila jimbo lina masharti yake, kwa hiyo nenda ofisi ya usajili kabla ya kulipa, na bima uliza siku hiyohiyo.

Umeme ni volti 24, betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Usichomeke redio ya gari dogo moja kwa moja.

Tairi ndipo ninapowasihi watu sana. Rimu ina pete ya chuma inayoweza kuruka na kuua. Mpe fundi mwenye kizimba cha kujazia upepo.

Mwendo? Takriban kilomita 90 kwa saa, basi.