Bodi ya umeme ya hosteli ikae wapi? Mwongozo wa hatua kwa hatua

Niliwahi kuitwa kwenye hosteli ya wanafunzi ambayo bodi yake ya umeme (kisanduku chenye breka) ilifungwa ndani ya chumba cha matroni. Usiku mmoja soketi ya ghorofa ya pili ilianza kunuka plastiki inayoungua. Matroni alikuwa msibani, ameondoka na ufunguo wake. Wanafunzi walivunja mlango kwanza ndipo wakazima umeme. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku ile kila jengo naanza na swali moja: usiku wa manane, mwenye ufunguo hayupo, nani ataifikia bodi hii?

Mfano wangu hapa ni hosteli ya ghorofa tatu, vyumba 12 kila ghorofa, aina inayojengwa sana karibu na vyuo vyetu Tanzania.

Hatua ya 1: Zunguka jengo na ramani mkononi

Weka alama kwenye vyoo, mabafu, tangi la maji, ngazi, milango ya kutokea na mahali mita ya LUKU itakapokaa. Meni swichi kuu, ile inayozima umeme wa jengo zima, iwe karibu kabisa na mita, ghorofa ya chini. Kipande cha kebo kati ya mita na meni huwezi kukizima wewe, kwa hiyo kifanye kiwe kifupi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya asubuhi

Mzigo wa hosteli upime saa kumi na mbili asubuhi, kila chumba kinapochemsha maji na kupiga pasi. Chukua birika moja tu la wati 2,000 kwa kila chumba. Vyumba 12 ni wati 24,000. Gawanya kwa volti 230, unapata kama ampea 104 kwa ghorofa moja. Ukizigawa kwenye fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme zinazogawana mzigo, zinabaki kama 35 kila fezi. Ndiyo maana nasema kila ghorofa iwe na bodi yake ya fezi tatu, vyumba vinne kila fezi. Ukikusanya jengo zima kwenye bodi moja ya chini, utavuta waya ndefu 24 kupanda juu, na breka ya chumba cha juu ikitripu mtu anashuka ghorofa mbili gizani.

Hatua ya 3: Tafuta katikati ya korido

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa sababu kona ya mwisho inaonekana safi kwa macho. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba hupoteza takriban milivolti 18 kwa kila ampea, kwa kila mita ya urefu, kwenda na kurudi pamoja. Bodi ikiwa mwisho wa korido na chumba cha mbali kiko mita 40, ampea 20 zitapoteza volti 14.4. Kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wengi wa huku tumefundishwa nazo, zinaruhusu asilimia 5 kwenye soketi, yaani volti 11.5. Umeshapita. Ihamishie bodi katikati, mita 20, upotevu unakuwa volti 7.2, na waya unaonunua unapungua sana.

Hatua ya 4: Ondoa sehemu zisizofaa

Usifunge bodi kwenye ukuta unaopakana na bafu, wala chini ya bomba la tangi. Maji hupenya kwenye plasta taratibu. Utaiona kutu kwenye skrubu za bodi kabla hujauona unyevu ukutani. Chumbani kwa mtu, hapana, hata akiwa mlezi wa hosteli. Stoo, hapana, kwa sababu ndani ya muhula mmoja itajaa magodoro.

Chini ya ngazi ndipo ninapogombana na wenye majengo. Wanasema ni nafasi ya bure. Lakini kama ngazi ni moja, bodi ikiwaka moto, moshi unapanda kwenye njia ileile ambayo watoto wa watu wanashukia. Nikikosa kabisa mahali pengine, nadai kabati la matofali lenye mlango usioshika moto haraka, na hakuna kitu kingine kuwekwa humo.

Hatua ya 5: Pima urefu na nafasi

Uingereza, nyumba mpya hutakiwa kuwa na swichi za bodi kati ya milimita 1,350 na 1,450 kutoka sakafuni. Nami hufunga hapo: mtu wa kawaida anasoma lebo bila kupanda kiti. Mbele acha mita moja wazi. Hakikisha pia mlango wa chumba ukifunguliwa hauigongi bodi.

Hatua ya 6: Amua nini kifungwe kwa kufuli

Breka za ghorofa zifungiwe kabatini. Mwanafunzi anayebadilisha breka ya ampea 20 kwa ya 32 ili jiko lake lisikatike anawahatarisha wenzake wote. Ila meni swichi ya ghorofa ibaki nje ya kufuli. Wapo watakaoizima kwa utani, nami nakubali usumbufu huo. Ndani ya kila chumba, karibu na mlango, weka kisanduku kidogo chenye RCD ya miliampea 30 (swichi inayokata umeme wenyewe ukivuja), ili mwanafunzi aweze kuirudisha mwenyewe.

Hatua ya 7: Lebo, kisha jaribio la giza

Andika namba ya chumba, si "soketi 1". Kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kabla sijakabidhi jengo, narudi usiku, nazima taa za korido, nampa mlinzi tochi na kumwambia: "Kaka, zima umeme wa ghorofa yenye chumba namba 27." Nasimama kimya na kumtazama. Akishika swichi isiyo sahihi, au akiniuliza ufunguo uko wapi, sisaini makabidhiano siku hiyo.