Kupima mikoko ya Bagamoyo kwa picha za Sentinel-2, na namba 1000 inayokata miti ambayo haijakatwa

Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure. Mtu wa Bagamoyo mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuupima msitu wa mikoko wa mdomo wa mto Ruvu mwaka hadi mwaka bila kumlipa mtu hata shilingi. Kupata picha si kazi ngumu siku hizi. Kazi iko kwenye kulinganisha. Picha mbili za msitu uleule ambao haujaguswa zinaweza kutoa majibu yanayopishana vibaya, mwenye ramani akasimama kwenye kikao cha kijiji na kuwatuhumu watu kwa ukataji ambao haukutokea. Ndiyo maana mwongozo huu unapita mbio kwenye vifaa na kukaa sana kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 1: Vifaa

Sakinisha QGIS, programu ya bure ya ramani, toleo lile la kudumu lenye alama LTR, si toleo jipya kabisa. RAM ya GB 8 inatosha. Fungua akaunti ya bure kwenye Copernicus Browser, tovuti ya kupakulia picha za Sentinel. Miongozo mingi ya zamani inakupeleka kwenye tovuti ya awali ya Copernicus iliyofungwa mwaka 2023. Usipoteze muda huko. Programu ya kulipia haihitajiki kwa kazi hii.

Hatua ya 2: Chagua siku kwa kuangalia mwezi, si mawingu tu

Setilaiti mbili zikifanya kazi pamoja, kila eneo hupigwa picha kila baada ya siku 5. Masika na vuli, picha nyingi za pwani zimefunikwa na mawingu. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kutegemea, tena jua likiwa limeegemea kaskazini, mng'ao wa bahari unapungua. Karibu na Oktoba na kuanzia Februari hadi Machi jua linapita utosini, na maji yanaweza kumetameta hadi yakaonekana kama mchanga.

Jambo linalosahaulika ni maji ya bahari. Sentinel-2 hupita pwani yetu karibu saa 4 na nusu asubuhi, kila mara. Mvuvi yeyote anajua kwamba siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa asubuhi, mnamo saa 4 hadi saa 5, na siku za maji mafu saa hizohizo bahari inakuwa imejaa au inakaribia kujaa. Kwa hiyo picha ya bamvua inaonyesha tope, mizizi na miche mifupi, ilhali ya maji mafu inaonyesha maji chini ya miti na miche iliyofunikwa. Ukilinganisha ya bamvua ya 2019 na ya maji mafu ya 2024, ukingo wote wa msitu upande wa bahari utaonekana umeliwa. Chukua picha za siku ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, au siku mbili tatu zinazofuata, kwa miaka yote miwili. Ukikosa picha safi ya bamvua, badili mwezi wa kalenda kabla hujabadili hali ya maji.

Hatua ya 3: Kupakua

Picha za Sentinel-2 hugawanywa kwa miraba inayoitwa vigae. Mji wa Bagamoyo uko kwenye kigae 37MDN. Mdomo wa Ruvu unaangukia pale kigae hicho kinapoingiliana na 37MDP cha kaskazini yake, na mdomo wa Wami, kule Saadani, uko ndani ya 37MDP. Ukishachagua kigae, baki nacho kwa miaka yote.

Chukua kiwango cha L2A, kilichosafishwa ukungu wa angahewa. L1C bado kina ukungu huo ndani yake. Faili zima linakaribia GB 1, na ndani yake utahitaji vitu vitano tu: bendi za B03 (kijani), B04 (nyekundu) na B08 (infraredi ya karibu) kutoka folda ya R10m, kisha B11 (infraredi ya mawimbi mafupi) na SCL (ramani ya madaraja kama wingu, maji na mimea) kutoka R20m.

Kama bando ni dogo, chora mraba juu ya eneo lako palepale kwenye Copernicus Browser na upakue kipande tu. Chagua TIFF ya biti 32, maana hiyo inakupa mwakisiko wenyewe, yaani sehemu ya mwanga inayorudishwa na ardhi, kati ya 0 na 1. Ya biti 16 huvutwa hadi 65535 na itakuchanganya. Aliyepakua kwa njia hii hahitaji hesabu ya hatua ya 4, ila asichanganye vipande hivi na mafaili mazima katika ulinganisho mmoja.

Hatua ya 4: Namba 1000

Ndani ya faili zima, kila pikseli ina namba kamili, si mwakisiko. Zamani ulikuwa unagawanya kwa 10000 na kazi imeisha: 3000 ni 0.30. Tarehe 25 Januari 2022 utaratibu wa uchakataji ulibadilika kuwa toleo 04.00, na tangu hapo kila pikseli imeongezwa 1000. Lengo lilikuwa zuri, kuhifadhi thamani zinazoshuka chini ya sifuri kwenye maeneo meusi kama maji ya kina. Hesabu sahihi sasa ni kutoa 1000 kwanza, ndipo ugawanye kwa 10000.

Angalia madhara yake kwenye NDVI, kipimo cha ukijani ambacho karibu kila mtu huanza nacho. Chukua mkoko wenye afya, B08 ikiwa 0.30 na B04 ikiwa 0.03. NDVI yake ni 0.27 gawanya kwa 0.33, yaani 0.82. Kwenye faili jipya mkoko huohuo una 4000 na 1300. Usipotoa 1000 unapata 2700 gawanya kwa 5300, yaani 0.51. Juu ya mstari zile 1000 zinajifuta, chini ya mstari zimeongezeka 2000. Mti haujaguswa, lakini ramani inasema msitu umechakaa. Na kosa hili halitoi onyo lolote: ramani inatoka nzuri, yenye rangi zake, na uongo wake umeenea sawasawa kila mahali.

Je, utajuaje kama faili lako lina ile 1000? Usitazame tarehe ya picha. Picha nyingi za zamani zimechakatwa upya na sasa zina toleo 05.00, kwa hiyo picha ya 2018 inaweza kuwa na 1000 ndani yake. Tazama jina la faili, sehemu inayoanza na N. N0400 na kuendelea, 1000 imo. N0301 na chini yake, haimo. Picha moja ya siku moja inaweza kuwepo kwenye hifadhi kwa matoleo mawili, basi chukua lenye N kubwa. Kuhakikisha, fungua MTD_MSIL2A.xml kwa kihariri chochote cha maandishi na utafute BOA_ADD_OFFSET. Ukiona -1000 kwa kila bendi, imo.

Sehemu nyingine zinazogawa picha hizi huwa zimeshaitoa kwa niaba yako. Google Earth Engine, kwa mfano, ina mkusanyo ambao jina lake linaishia na HARMONIZED, na humo usitoe tena. Ukitoa mara mbili utapata kosa la upande wa pili: msitu utaonekana kunawiri kupita kiasi. Ukiwa na wasiwasi, pima bahari. Chagua maji ya kina mbali na ufuko, pasipo wingu wala mng'ao, usome B08. Ikiwa inazunguka 1000 au juu yake kidogo, 1000 bado imo. Ikiwa iko karibu na sifuri hadi mia mbili hivi, imeshatolewa. Kipimo hiki ni cha nusu dakika, na kinafaa kufanywa kwa kila faili, hata lile ambalo jina lake linaeleweka.

Kwenye Raster Calculator, kikokotoo cha picha cha QGIS, NDVI ya faili lenye 1000 huandikwa hivi:

("B08@1" - "B04@1") / ("B08@1" + "B04@1" - 2000)

Na la zamani lisilo nayo:

("B08@1" - "B04@1") / ("B08@1" + "B04@1")

Kuna mitego miwili zaidi. Kwenye maji ya kina, jumla ya bendi mbili inakaribia 2000, kigawanyo kinakuwa karibu sifuri, na unapata namba za ajabu kama 40 au -75. Ondoa maji kabla ya kutafsiri chochote. Pili, anayefanya kazi hii kwa Python abadili safu kuwa float kabla ya kutoa. Picha husomwa kama namba kamili zisizo na hasi, na humo 900 kutoa 1000 hakuwi -100, kunakuwa 65436.

Hatua ya 5: Ondoa mawingu kwa SCL

Baki na madaraja 4 (mimea), 5 (ardhi tupu) na 6 (maji). Tupa 3 (kivuli cha wingu), 8, 9 na 10 (mawingu). SCL hukosea kwenye vitu vyeupe: mashamba ya chumvi na mchanga mkavu huweza kuitwa wingu, kwa hiyo tazama kwa macho. Ukiipeleka SCL kwenye mita 10, tumia njia ya pikseli ya jirani tu, kwani wastani wa daraja 4 na daraja 8 ni 6, na hapo mpaka wa wingu na miti unakuwa maji.

Hatua ya 6: Tenga mikoko na kijani kingine

NDVI haitofautishi mkoko na mwembe, wala na mpunga wa bonde la Ruvu. Tumia MVI, kipimo cha kutambua mikoko:

("B08@1" - "B03@1") / ("B11@1" - "B03@1")

Mkoko unasimama kwenye tope, na unyevu huo unaishusha B11. Mkoko wenye B08 ya 0.30, B03 ya 0.05 na B11 ya 0.09 unatoa 6.25, kichaka cha nchi kavu chenye 0.30, 0.06 na 0.18 kinatoa 2. Uzuri wake mkubwa ni kwamba juu na chini zote ni tofauti za bendi, hivyo ile 1000 inajifuta yenyewe. Kwa upande huo, MVI ni salama kuliko NDVI katika kulinganisha miaka. Kizingiti cha 4.5 kilipatikana Ufilipino. Anza nacho, kisha kisogeze kwa kutazama sehemu unazozijua kwa miguu. Mpunga uliofurika hupenya, kwa hiyo ondoa pia maeneo ya juu kwa ramani ya mwinuko ya Copernicus ya mita 30. Kikomo cha mwinuko kisiwe chini ya mita 20, maana ramani hiyo hupima vilele vya miti, si ardhi.

Hatua ya 7: Nenda ukaone

Weka QField, programu ya QGIS ya simu, kwenye simu yako, nenda na watu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) wanaozijua njia za maji, na uandike kila pointi: mchu, mlilana, kisiki, shamba la chumvi. Kazi yote iwe kwenye mfumo wa ramani wa EPSG:32737 (UTM kanda ya 37 kusini). Ramani za zamani za Tanzania ziko kwenye Arc 1960, na ukizipachika bila kubadili mfumo zitahama takriban mita 300, kiasi cha kuvuka mkondo mzima.

Hatua ya 8: Hekta

Pikseli 100 za mita 10 ni hekta 1. Picha mbili huweza kupishana karibu pikseli moja, kwa hiyo ukanda mwembamba wa "upotevu" unaofuata ukingo wa msitu upande mmoja na "ongezeko" upande wa pili ni mhamo wa picha. Tumia zana ya Sieve ya QGIS kuondoa vipande vya chini ya pikseli 10, kisha hesabu mabaka yanayobaki, na kila baka lenye hekta 1 au zaidi litembelewe kabla halijaandikwa kwenye ripoti kuwa limekatwa.